Hesabu za Dirishani

Glydel Tubianosa alikuwa na maneno mengi kuliko mate. Ndivyo mama yake alivyokuwa akisema, na mama yake mwenyewe hakuwa bubu. Nilisoma naye chuo cha ualimu pale San Jose, tukapanga chumba kimoja, na mwaka wa mwisho ulipofika tukapelekwa pamoja kufanya mazoezi ya kufundisha katika Shule ya Msingi Igpalad, juu kwenye vilima vya mkoa wa Antique, mahali ambapo zege la barabara linaishia na dereva wa pikipiki ya kibanda, yenye kiti cha abiria ubavuni, anakushusha na kukuambia kuwa safari iliyobaki ni ya miguu yako. Mimi nilipewa darasa la nne. Glydel akapewa la sita, la Mwalimu Perpetua Sanglap, na kuanzia siku hiyo kila tuliyekutana naye alimpa pole.

Mwalimu Perpetua alikuwa mama mfupi, mnyoofu kama rula, mwenye sauti ndogo iliyofika mbali. Alikuwa amefundisha Igpalad tangu ujana wake. Alifundisha kwa karatasi kubwa za kubandika ubaoni, kalamu ya wino mweusi na fimbo ya mwanzi ambayo hakuwahi kumchapia mtu, lakini alivyoishika ilitosha. Glydel alipokwenda kujitambulisha aliuchukua mkono wa mama huyo, akauweka kwenye paji lake mwenyewe la uso kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu, na kabla hajaurudisha akaanza kueleza jinsi atakavyoleta mtandao darasani. Mwalimu Perpetua alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama anajua kuandika ubaoni kwa mstari ulionyooka. Glydel akajaribu. Mstari ukapanda mlima. Basi wiki ile ya kwanza yote alifundishwa kuandika.

Lakini mtandao haukukwepeka. Chuo kilidai kwamba kila mwanafunzi amalize mazoezi yake kwa somo moja la kutumia zana za mtandaoni, mbele ya mkufunzi. Mkufunzi wetu alikuwa Dokta Evaristo Moscoso, na yeye ndiye aliyetufundisha zana hizo. Kwa kuwa umeme wa jengo letu ulikatika kila mvua ilipotia nia, alitufundishia ubaoni kwa chaki. Alituchorea kitufe. Alituchorea kishale. Sisi tukanakili kitufe na kishale, tukafanya mtihani, tukafaulu wote. Kwa hiyo Glydel alipopanda Igpalad alikuwa amefaulu vizuri somo ambalo hajawahi kulishika kwa mkono.

Shule ilikuwa na vishikwambi. Vililetwa na mkoa, vikapigwa picha pamoja na wageni, kisha Mwalimu Mkuu akavifungia kabatini ili visiharibike. Glydel alimwendea asubuhi, akamwendea mchana, akamwendea wakati anakula wali wake na samaki mkavu. Mwalimu Mkuu akatoa ufunguo ili amalize kula kwa amani. Tulivichaji kwa zamu kwenye tundu moja la umeme ofisini, vimepangwa sakafuni kama samaki wanaoanikwa, na kila mwalimu aliyepita aliviruka kwa kukunja sketi.

Glydel alichagua mchezo wa maswali. Unaandika maswali yako kwenye mtandao, mtandao unakupa namba, watoto wanaingiza namba hiyo kwenye vishikwambi, kila mmoja anajiita jina atakalo, na maswali yanatokea ukutani kwa projekta. Anayejibu haraka na sawa anapanda juu ya orodha. Rahisi. Siku ya kwanza ya kujaribu, ukutani yakatokea majina ya Mfalme wa Wali, Sijui Hesabu, Kuku wa Jirani, na Mume wa Mwalimu Glydel. Huyu wa mwisho aliposhika nafasi ya kwanza darasa lilipiga meza hata mimi, ng'ambo ya ukuta wa mbao nyembamba, nikashindwa kuendelea na vitenzi. Wanafunzi wangu wa darasa la nne walinitazama kama watu walionyimwa karamu.

Mwalimu Perpetua alikuwa amekaa nyuma. Kelele zilipotulia akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, kama kujifunza nako kutaanza baadaye au kumekwisha.

Siku ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Glydel alikuwa ameunganisha simu yake na projekta, hivyo kila kilichokuwa kwenye simu kilikuwa ukutani. Katikati ya swali la tatu, mama yake akatuma ujumbe. Ukateremka juu ya ukuta kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano, ukakaa pale darasa zima likausoma kwa pamoja, kama wanavyosoma kila kitu: "Mwanangu, yule nyigu wako anaendeleaje? Bado anakuuma?"

Glydel alivuta waya, waya ukang'oka, ukuta ukawa mweupe. Haikusaidia.

"Nyigu ni nani?" Mwalimu Perpetua aliuliza.

Watoto wa Igpalad wamelelewa kusema kweli. Wakageuka wote kumtazama, na mmoja akajibu kwa upole kwamba nadhani ni wewe, Mwalimu.

Glydel aliniambia baadaye kwamba wakati ule alikuwa ameshaanza kufikiria kazi ya kuuza mikate pamoja na mama yake. Mwalimu Perpetua alinyanyuka, akatembea hadi mbele, akamwomba simu, akavaa miwani. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, na watoto wakimtazama kama anayetegua bomu. Alipomrudishia simu, Glydel akasoma jibu lililokwisha kwenda kwa mama yake: "Nyigu hajambo. Mwanao anajifunza."

Ndipo Mwalimu Perpetua akatoa sharti lake. Mchezo uendelee, ila maswali atayatunga yeye.

Alianza kwa kumkomoa. Glydel alidhani hivyo, na mimi nilidhani hivyo. Alileta maswali ya sehemu, robo na theluthi na thumuni, kila swali na majibu manne, na yale matatu ya uongo yalikuwa matamu kuliko la kweli. Lakini mchezo ulipokwisha Glydel akamwonyesha kitu alichokigundua kwa bahati wakati anatafuta kitufe cha kuzima. Mtandao ulikuwa umehifadhi alichojibu kila mtoto. Mwalimu Perpetua akavuta kiti. Akasoma jina kwa jina. Karibu nusu ya darasa walikuwa wamesema thumuni ni kubwa kuliko robo, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne.

"Hawa wote?" aliuliza. "Hata Jomarie, anayenyoosha mkono kila siku?"

Hata Jomarie. Mwalimu Perpetua aliirudia orodha tangu juu, miwani imeshuka puani. Alisema wanaonyoosha mkono ni walewale, na wengine huwa wanaitikia tu ndiyo Mwalimu, na ndiyo ya mtoto haina maana yoyote. Kesho yake aliwahi kuja, akiwa na maswali mapya mfukoni, na katika kuyasoma akacheka mwenyewe. Alikuwa ametunga jibu la uongo ambalo, alisema, Jomarie hawezi kulipita bila kuanguka. Jomarie akaanguka. Keshokutwa yake hakuanguka, na Mwalimu Perpetua akafurahi kuliko yeye.

Kuanzia hapo sikujua tena nani anamfundisha nani. Nikipita mlangoni wakati wa mapumziko nawakuta wameinamia kishikwambi kimoja, wanabishana kama dada wawili juu ya mchuzi. Glydel alikuwa hatembei, anarukaruka. Usiulize chumba chetu kilikuwaje. Alikuwa akiniuliza maswali ya sehemu nikiwa napiga mswaki.

Siku ya somo la mwisho ikapangwa, saa nane mchana. Dokta Moscoso alipanda kwa pikipiki ya kibanda, kisha kwa miguu, akiwa amevaa shati la kufumwa la sherehe, akafika kola imelowa jasho. Mama yake Glydel alikuwa ametuma bibingka zima, ile keki yetu ya mchele na nazi, duara, la ukubwa wa sinia, likanukia nazi darasa zima. Glydel alisema ni zana ya kufundishia, na hakuna aliyepinga. Projekta ilikuwa imevunjika mguu siku hiyohiyo, kwa hiyo niliitwa niishike mapajani. Darasa langu la nne lilikuja nami, likajibana kando ya ukuta, kwa ahadi ya kutopumua kwa sauti.

Tatizo letu lilikuwa mawimbi ya simu. Darasani hayafiki. Yanafika dirishani tu, lile la upande wa mabondeni, na hata hapo yanafika kwa aibu. Glydel aliiweka simu yake kwenye mfuko wa plastiki wa mikate, akaufunga kwenye nondo ya dirisha, na simu hiyo ikawa inatugawia mtandao sisi wote, pamoja na kishikwambi kilichounganishwa na projekta. Kabla ya kuining'iniza, Dokta alimwomba amtumie namba ya mchezo kwa ujumbe, maana yeye na Mwalimu Mkuu walitaka kushiriki kwa simu zao. Glydel akatuma upesi, akaifunga simu ndani ya mfuko wa mikate, akaja mbele.

Hakumtumia Dokta. Aliituma kwenye kundi la wazazi wa darasa la sita.

Na wazazi wa darasa la sita la Igpalad hawako Igpalad. Wachache wako mashambani. Wengine wako Hong Kong wanalea watoto wa watu, wako Kuwait wanapika, wako Taiwan viwandani, wako baharini ndani ya matumbo ya meli za mizigo. Kundi lile ndilo lango la shule yao. Huko hutumwa habari za viatu vilivyochanika na meno yaliyong'oka. Siku hiyo ikatumwa namba, na chini yake maneno ya Glydel: "Karibu sana, tunaanza sasa hivi, tafadhali usichelewe."

Wakaitii. Nani asingeitii?

Majina yakaanza kutokea ukutani. Mfalme wa Wali, Kuku wa Jirani, Sijui Hesabu, ambaye sasa alijiita Najua Kidogo. Likatokea pia jina la Nyigu. Watoto wakageuka nyuma, na Mwalimu Perpetua akawa anatazama dari, mikono yake imejificha chini ya meza. Glydel akasubiri yatimie. Yakatimia. Kisha yakaendelea. Likaja Mama Yuko Jikoni. Likaja Baba wa Jomarie. Likaja Shangazi Taiwan, likaja Mtambo Namba Mbili, likaja Nani Kaniamsha. Ukuta ukajaa, majina yakapungua ukubwa ili yaenee, na bado yakaja.

Dokta Moscoso aliuliza kwa utaratibu darasa lina wanafunzi wangapi. Glydel akamjibu. Dokta akahesabu ukutani kwa kidole, akapotea, akaanza upya.

Mimi nilikuwa nimeishika projekta na nilikuwa nimeshaanza kucheka, na kila nilipocheka ukuta mzima ulitikisika, majina yakipanda na kushuka kama yako baharini. Hapo Glydel akaelewa. Niliona anavyoelewa. Uso wake ulianza kuiva, ukianzia masikioni. Alikimbilia dirishani, akafungua mfuko, akatazama simu, akarudi ameshika kichwa. Akamwambia Dokta ukweli wote kwa sentensi moja ndefu isiyo na nukta, kwamba ametuma kusikotakiwa, kwamba hao ni wazazi, kwamba ataufunga mchezo na kuanza upya, dakika moja tu.

Alikuwa ameshanyoosha kidole kuufunga wakati Ritchel aliposimama.

Ritchel alikaa safu ya nyuma karibu na ndoo ya maji. Alikuwa mmoja wa wale wa ndiyo Mwalimu. Aliishi na bibi yake, na mama yake, Maricon, alikuwa Kuwait tangu Ritchel akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Sikuwahi kusikia sauti yake, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba.

"Huyo Mama Yuko Jikoni ni mama yangu," alisema. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaongeza: "Usimtoe, Mwalimu. Nataka kumshinda."

Glydel alimtazama Ritchel. Akamtazama Dokta, ambaye hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alikuwa bado anahesabu. Kidole cha Glydel kilikuwa hewani. Kisha kikashuka kwenye kitufe kingine, kile cha kuanza.

Alitangaza kwamba leo ni watoto dhidi ya wazazi. Kelele iliyofuata iliwatoa ndege kwenye paa, na darasa langu la nne likavunja ahadi yake ya kutopumua.

Swali la kwanza lilikuwa jepesi, nusu na nusu. Pande zote zilipata. La pili likapita pia, ingawa Baba wa Jomarie alikosa, na Jomarie akajifunika uso kwa kola. La tatu lilikuwa lile la Mwalimu Perpetua: kipi kikubwa, robo au thumuni? Saa ya mchezo ukutani ikahesabu kurudi nyuma. Majibu yakatokea kwa rangi. Watoto karibu wote walikuwa kwenye robo. Wazazi, kutoka Kuwait hadi Taiwan hadi kwenye mitambo ya meli, walikuwa wamesimama kama ukuta mmoja kwenye thumuni.

Halafu mtoto mmoja akaanza kucheka, taratibu, kama birika linaloanza kuchemka, na likafuata darasa zima. Hakukuwa na dharau ndani yake. Ilikuwa furaha ya kugundua kwamba mama na baba, wanaokutumia viatu na kukuuliza kila Jumapili kama unasoma kwa bidii, wamekosea palepale ulipokosea wewe wiki iliyopita.

"Basi nani atawafundisha?" Glydel akauliza.

Mikono yote ikapanda. Mkono wa Ritchel haukupanda, kwa sababu mwenyewe alikuwa ameshafika mbele, na bibingka alikuwa ameshalishika.

Glydel akapiga simu ya video kwenye lile kundi. Lakini simu ilipotolewa dirishani tu, mawimbi yakakatika. Ikarudishwa dirishani, yakarudi. Kwa hiyo ikabidi mwalimu aifuate simu. Ritchel akapanda juu ya kiti, akashika nondo ya dirisha kwa mkono mmoja na kisu cha plastiki kwa mwingine. Jomarie akamshikia sinia. Na pale kwenye mfuko wa mikate, ndani ya kioo kidogo, zikatokea nyuso zimebanana kama mbegu za papai. Nyuma ya mmoja palikuwa na sufuria inatoa mvuke. Mwingine alikuwa na kofia ngumu, na kelele za mtambo zikamfanya azungumze kwa kupayuka.

Ritchel hakusalimu. Alikata bibingka mara mbili, msalaba, akanyanyua kipande.

"Hii ni robo. Tumegawana wanne. Mama, unaona?"

Maricon alisema anaona, na kwamba limepikwa vizuri, na kwamba Ritchel amerefuka, na nani kamsuka nywele hivyo. Ritchel akamwambia tuko darasani. Akakata kila robo katikati, akanyanyua kipande kipya.

"Hii ni thumuni. Tumegawana wanane."

"Mbona kidogo hivyo?" Maricon akasema. "Mkatie mwenzio kikubwa, usiwe mchoyo."

"Mama, ndiyo hesabu yenyewe. Mkiwa wengi, kinakuwa kidogo. Nane si kikubwa. Nane ni watu."

Kisha Maricon akatoa sauti ndefu ya mtu aliyekumbuka mahali alipoweka funguo. Akasema nyumba anayofanya kazi wanakula watu wanane, na kila Ijumaa anakata keki, na mkono wake umekuwa ukijua jambo hili siku zote bila kukiambia kichwa. Akaanza kucheka, Ritchel naye akacheka, ananing'inia kwenye nondo, na nikalazimika kuiweka projekta chini kabla sijaidondosha.

Yule mwenye kofia ngumu, Ruel, baba wa Jomarie, akapayuka kutoka mitamboni: "Sasa sisi tulifundishwa na nani hesabu hizi?"

Sauti nne au tano zikamjibu kwa pamoja: "Na Mwalimu Perpetua."

Watoto wakageuka. Dokta akageuka. Mwalimu Perpetua alikuwa ameshasimama. Alipita katikati ya madawati, polepole, hadi dirishani. Ritchel akashuka, yeye akapanda kile kiti, kwa kushikwa mkono na Glydel. Alipouingiza uso wake mbele ya kioo, nyuso zote za wale watu wazima, wenye nyumba zao na watoto wao na madeni yao, zikanyooka. Ruel alivua kofia ngumu. Wakasema kwa sauti moja, kutoka nchi nne na bahari moja, habari za mchana, Mwalimu.

"Ruel," akasema. "Siku ya thumuni ulikuwa unatazama dirisha hilihili. Kulikuwa na mbuzi."

Ruel akakiri kwamba anamkumbuka yule mbuzi.

"Na wewe Maricon ulikuwa unaniitikia ndiyo Mwalimu." Akarekebisha miwani. Alipoendelea sauti yake ilikuwa bado ndogo, ila haikuwa imenyooka kama kawaida. "Na mimi nilikuwa naamini. Sikuwa na namna ya kujua nani hajaelewa. Leo ninayo. Rudini kwenye mchezo, bado maswali saba, na safari hii nitawaona mmoja mmoja."

Wakarudi. Sijawahi kuona watu wazima wakiogopa hivyo na kufurahi hivyo kwa wakati mmoja. Maswali yale saba yalipita kama mtu anayeteremka kilima bila breki. Watoto walikuwa wamepanda juu ya madawati, wanawafokea wazazi wao kupitia dirishani wasijibu kwa pupa. Shangazi Taiwan alipata matano mfululizo na hakuna aliyejua ni shangazi wa nani. Dokta Moscoso, aliyefanikiwa kuingia mwishoni kwa jina la Dokta E, alikuwa amelegeza vifungo vya lile shati na akilalamika kwamba simu yake ni nzito. Glydel alikuwa kila mahali. Kila swali lilipokwisha alisimamisha mchezo, akachagua mtoto mmoja aeleze, na mtoto akakimbilia dirishani na kipande cha bibingka, akaeleza, akala ushahidi.

Ritchel na mama yake walikwenda sambamba hadi swali la mwisho. Maricon alikuwa amebadilika. Sasa alikuwa anajibu haraka kama anayefukuzwa. Swali lilikuwa nusu ya robo. Ritchel alifumba macho, akakata kitu hewani kwa kidole, akabonyeza. Mama yake alimchelewa kidogo tu. Ukutani jina la Ritchel likapanda nafasi moja juu ya Mama Yuko Jikoni, wa tano na wa sita katika orodha nzima, na kwa jinsi alivyoshangilia ungedhani amechaguliwa kuwa gavana. Kutoka kwenye mfuko wa mikate ilisikika sauti ya mwanamke anapiga vifuniko vya sufuria, na kwa mbali sauti ya tajiri wake akiuliza kwa lugha nyingine kuna nini.

Watoto waliwashinda wazazi kwa mbali. Wa kwanza kabisa alikuwa Nyigu, lakini watoto walimwekea pingamizi kwamba aliyetunga maswali hawezi kushinda, na baada ya kubisha kidogo akakubali kuondolewa.

Dokta Moscoso alimwita Glydel nje, chini ya mlingoti wa bendera. Mimi nilijifanya nafunga waya karibu na mlango. Alimwambia kwamba mwalimu hatumi kitu bila kutazama anakituma wapi, na kwamba safari hii kilichotumwa kilikuwa hesabu, safari nyingine kitakuwa kitu kingine. Glydel akasema ndiyo Dokta. Akamwambia kwamba amepoteza muda mwingi kwenye swali la tatu. Ndiyo Dokta. Akamwambia amefaulu, na kwa alama ambazo hakumpa mtu mwaka huo. Glydel, ambaye maneno yake ni mengi kuliko mate, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Dokta akasubiri kidogo, kisha akauliza kama kuna bibingka lililobaki. Halikubaki.

Tulipokuwa tunafunga vishikwambi, Mwalimu Perpetua alimwambia Glydel kuwa amezungumza na Mwalimu Mkuu, na kwamba kila Ijumaa mchana dirisha lile litakuwa na darasa la wazazi, sehemu na asilimia, kwa anayetaka na kwa asiyetaka. Alisema amebakiza mwaka mmoja kazini na ana watu wa kuwarudia. Wa kwanza ni Ruel. Kisha akamwuliza Glydel namna ya kuifanya simu ipige yenyewe kwenye kundi bila yeye kuvaa miwani, na wakainama tena pamoja, vichwa vimegusana.

Tuliteremka kilima jioni, mimi na Glydel, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Tulisimulia yote tangu mwanzo kana kwamba mwenzake hakuwepo. Nikaiga sauti ya Maricon na mbuzi wa Ruel, yeye akamwiga Dokta akihesabu ukuta, na mara mbili tulilazimika kukaa chini kando ya njia kwa kicheko. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni alituuliza kama tumekunywa. Tukamwambia hapana, mama, tumefundisha. Akatikisa kichwa, akapita.

Karibu na pale zege linapoanza, ambako mawimbi ni mazuri, simu ya Glydel ikaanza kulia mfululizo kama kuku wa kufukuzwa. Wazazi walikuwa wanaulizana majibu, wanachekana, wanadai marudio. Katikati yao palikuwa na ujumbe wa Ruel. Alisema wako mitamboni, wamebishana yeye na mwenzake, na mpishi wa meli naye ameingilia: nusu ya theluthi ni ngapi?

Glydel alisimama. Pikipiki ya kibanda ilikuwa tayari pale, dereva anapiga honi, ndiyo ya mwisho kwenda mjini. Akamfanyia ishara asubiri. Akaokota kijiti, akachuchumaa kwenye mchanga ukingoni mwa barabara, akachora duara, akaligawa mara tatu, kisha kila theluthi akaipasua katikati, polepole, kwa mistari iliyonyooka. Akapiga picha. Dereva aliuliza huyo anafanya nini, nikamwambia yuko kazini.

Akatuma, akabaki amechuchumaa anaitazama simu. Jibu likaja upesi.

"Moja ya sita," akanisomea. "Wamepata. Mpishi amekataa, lakini wamepata."